Ukurasa Uliokatwa kwa Kisu cha Bi Gundi

Bi Gundi hakuwa mtu wa kuchezewa, na kila aliyefanya kazi katika jumba la nyaraka alilijua hilo. Miaka thelathini na moja alikuwa kule chini, kwenye karakana isiyo na dirisha, akishona migongo ya vitabu vilivyochakaa na kubandika magazeti yaliyoanza kumeguka kama mkate mkavu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika, hata barua za kazini zilimjia kwa hilo la gundi. Ukimrudishia gazeti la zamani umelikunja pembe, anakupa vidonge vyako hapohapo mbele za watu. Mkuu wake alipomwambia hasira hasara, alijibu, "Hasara ni yangu, sijakuomba uje kunisaidia kuibeba."

Sasa mtu wa namna hiyo, Jumatatu asubuhi, anamwona baba yake mdogo anaingia karakana na bahasha kubwa kwapani, uso umekunjuka kama bwana harusi.

Huyu baba mdogo alikuwa binamu wa marehemu baba yake, na wote walimwita Mwenyekiti. Harusi ikitokea, mwenyekiti yeye. Msiba ukitokea, mwenyekiti yeye. Watu wawili wakikaa kula karanga, atataka kufungua kikao na kuuliza nani anaandika muhtasari.

"Mwanangu," akasema, akaiweka bahasha mezani, "kitabu cha ukoo kimekamilika. Kurasa mia na kumi na mbili! Kimebaki kujalidiwa tu. Jalada jekundu, maandishi ya dhahabu. Jumamosi ukoo mzima unakutana nyumbani kwangu, nitakisoma mbele ya watu, kisha nakala hii nimkabidhi shangazi yako, maana ndiye mkubwa wetu aliyebaki."

"Jumamosi hii? Baba mdogo, hii ni kazi ya wiki mbili."

"Mcheza kwao hutunzwa. Wewe ndiye fundi wetu." Akampigapiga begani, akaondoka zake.

Mafundi wa vitabu wana kanuni yao: usisome unachokishona, maana ukisoma hushoni. Bi Gundi aliishika kanuni hiyo mpaka saa nne, alipofika kwenye karatasi ya mti wa ukoo. Ilikuwa pana, lazima ikunjwe mara tatu ili ikae ndani ya kitabu, na huwezi kukunja kitu bila kukitazama. Akakiona kisanduku cha babu yake. Chini yake mstari ulishuka kwa watoto wawili, shangazi yake na baba yake. Ubavuni, mahali pa mke, kisanduku kilikuwa kitupu. Wanaume wengine wote wa ukoo waliandikiwa wake zao, hata yule aliyeoa watatu na kuwakimbia wote. Babu yake tu ndiye aliyeonekana kazaa na upepo.

Basi akasoma. Ukurasa wa arobaini ulikuwa na kichwa cha habari "Msiba Mkubwa wa Ukoo":

"Marehemu aliuawa na mkewe kwa sumu ya panya aliyotiliwa katika kikombe cha maziwa. Binti yao mdogo, aliyeshuhudia kwa macho yake, ndiye aliyesimama mahakamani akamtaja mama yake. Tunashukuru kwamba mdogo wa marehemu, mtu wa huruma, aliwachukua yatima wale wawili akawalea kama wanawe wa kuwazaa."

Damu ilimchemka. Si kwamba habari ilikuwa mpya. Ukoo mzima uliijua, ikisemwa kwa kunong'ona tangu yeye yuko tumboni. Lakini yule "binti mdogo" alikuwa shangazi yake, mzima, mwenye miaka themanini na miwili, na Jumamosi angekalishwa kiti cha mbele asomewe maneno hayo mbele ya wajukuu, kisha akabidhiwe kitabu chenyewe na watu wapige makofi. Ebo! Watu wengine wana moyo au wana jiwe?

Shangazi ndiye aliyemlea Bi Gundi, baada ya baba yake kufariki mapema. Alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule tatu mpaka macho yakamchoka. Maziwa hakunywa maishani mwake. Misibani hakulia, alikaa mkekani mikono imefumbatana, wenzake wakigaragara, na watu wakamsema kuwa ana roho ngumu. Siku moja tu, Bi Gundi akiwa msichana, alimwuliza kwa nini halii. Shangazi alikata uzi kwa meno, akasema, "Ulimi wangu uliua mtu, mwanangu. Nilisema neno, mama yangu akaenda gerezani, akafia huko. Nitalilia nini?"

"Ulisema neno gani?"

"Sikumbuki. Nilikuwa na miaka sita. Naambiwa tu."

Naambiwa tu! Bi Gundi alisimama pale karakana na karatasi mkononi, na safari hii hasira ikamgeukia mwenyewe. Magazeti yote ya nchi, tangu enzi za babu, yalikuwa hatua thelathini kutoka kwenye meza yake. Wageni walitoka mbali kuja kutafuta kesi za watu waliokwisha oza, nani aliua, nani alisingiziwa, naye huwaletea majalada huku akiwaagiza wanawe mikono. Yake mwenyewe hakuwahi kuitafuta hata siku moja. Aliogopa. Aliogopa kukuta ni kweli.

Basi akaenda. Mwaka aliujua, mwezi aliubahatisha, na haikufika saa saba akaipata. Kesi ilichukua siku tatu. Gazeti la siku ya kwanza lilieleza jinsi marehemu alivyokutwa. La siku ya tatu lilieleza hukumu: mshtakiwa, mama wa watoto wawili, mmoja bado ananyonya, kifungo cha maisha. La siku ya pili, siku ya mashahidi, lilikuwepo pia, ila ukurasa wa tatu haukuwepo. Ulikuwa umekatwa karibu kabisa na mshono.

Sasa hapa ndipo ujue kwamba fundi ni fundi. Mtu mwingine angeguna akafunga jalada. Bi Gundi alipitisha kidole gumba juu ya kile kipande chembamba kilichobaki kwenye mshono, akahisi kijino kidogo cha karatasi iliyochanika. Akashuka, kijino kingine. Pale kisu kilipoanza kila mkato, kulikuwa na kijino. Akachukua miwani ya kukuzia, akatazama, akaketi chini sakafuni kama aliyesukumwa.

Kilikuwa kisu chake. Kile chenye mpini wa mfupa, alichorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, aliyeitwa Mzee Sindano. Kilimdondokea juu ya chuma cha kukandamizia vitabu, kikapata pengo kwenye makali, naye hakukitupa kwa sababu ya heshima ya mzee. Tangu hapo kila anachokata kwa kisu hicho huacha kijino. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekitunza kwenye ala ya ngozi.

Hakuhitaji kufungua daftari la wageni ili akumbuke, lakini alilifungua. Miaka kumi na miwili iliyopita, jina la Mwenyekiti, sahihi yake yenye mikia. Alikuja akasema anatafiti historia ya ukoo. Msomaji haruhusiwi kuachwa peke yake na jalada, lakini huyo alikuwa baba mdogo, utamsimamiaje kama mwizi? Akamkalisha kwenye meza yake mwenyewe. Akapanda juu kumfuatia chai. Na kabla hajapanda, mzee aliomba kisu achonge penseli.

"Nikampa!" Bi Gundi aliiambia karakana tupu. "Nikampa kwa mikono miwili, na sukari nikamwongeza! Na nikatamba kwa wenzangu, huyo ni baba yangu mdogo, msomi! Mjinga mimi, mjinga wa kutupwa!"

Mtu akikata ukurasa, maana yake ukurasa una neno. Hilo ndilo lililomwinua pale sakafuni. Na Mwenyekiti alijua mengi, lakini kazi ya gundi hakuijua. Zamani zile magazeti yaliletwa nakala mbili. Moja ilijalidiwa na kuhifadhiwa. Ya pili Mzee Sindano aliikata vipande virefu, akavibandika ndani ya migongo ya madaftari ya serikali ili iwe imara. Bi Gundi alikuwa amemlaani marehemu mara nyingi kwa tabia hiyo, maana kila daftari alilolitengeneza lilimtapikia vipande vya matangazo ya sabuni na habari za ng'ombe waliopotea. Sasa akaomba msamaha kimoyomoyo, akaenda ghalani kutafuta madaftari yaliyojalidiwa mwezi ule.

Yalikuwa tisa, ya idara ya maji, yote yameandikishwa kutengenezwa tangu mwaka juzi. Alipaka migongo gundi ya maji, akasubiri ilainike, akachokonoa taratibu kwa ubao wa mfupa. Jumanne sabuni. Jumatano ng'ombe. Mikono ikamvimba, chakula akasahau, na aliyemgonga mlangoni alijuta kuzaliwa. Alhamisi mchana, kwenye daftari la sita, kilitoka kipande chenye neno "marehemu". Kikafuata kingine. Vilikuwa vinne, akavipanga juu ya karatasi nyeupe mpaka mistari ikakutana.

"Shahidi wa tatu alikuwa binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita, aliyesimamishwa juu ya sanduku ili aonekane. Alipoulizwa ni nani aliyempa baba yake maziwa, alijibu, Ni baba mdogo. Akamwonyesha kwa kidole mdogo wa marehemu aliyeketi miongoni mwa wasikilizaji. Alipoulizwa mama yake alikuwa wapi, alisema, Uani, anamwogesha mtoto. Alionywa aseme kweli, akaulizwa tena mara mbili, akajibu vilevile. Mheshimiwa jaji alisema mtoto huyu ni mdogo mno kujua alisemalo, na akaagiza maneno yake yasihesabiwe."

Bi Gundi alisoma mara tatu. Kisha akaupiga ubao wa meza kwa kiganja, kopo la gundi likaruka likamwagika, naye hakuligusa.

Karatasi haikusema nani alitia sumu, na yeye, mtu wa karatasi, hakuiongezea neno. Huenda yule mdogo mtu aliyabeba maziwa tu. Huenda. Lakini mtoto hakumtaja mama yake. Mtoto wa miaka sita, juu ya sanduku, katika chumba kilichojaa watu wazima, aliulizwa mara tatu na mara tatu akasema lilelile. Kisha akachukuliwa akalelewa katika nyumba ya mtu aliyemwonyesha kwa kidole, na humo ndani, siku baada ya siku, akaambiwa kwamba ulimi wake ndio uliomfunga mama yake, mpaka akaamini.

Ijumaa asubuhi Mwenyekiti alikuja kuulizia kitabu. Bi Gundi hakumkaribisha kiti. Aliweka kisu mezani, akaweka jalada la gazeti, akalifungua pale palipokatwa.

"Baba mdogo, penseli yako ilichongeka?"

Mzee alitazama kisu, akatazama gazeti. Hakuuliza penseli gani.

"Mavi ya kale hayanuki, mwanangu," akasema polepole.

"Hayanuki kwa aliyeyafukia! Shangazi kayakanyaga miaka sabini na sita!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Uliusoma huo ukurasa?"

"Niliusoma."

"Ukaufanya nini?"

"Nikauchoma." Alivuta kiti mwenyewe akaketi, mzee ghafla kuliko umri wake. "Huyo mdogo wa marehemu ni baba yangu, mtu wa watu. Alijenga, alisomesha, aliwalea hao hao. Ningewaambia nini wanangu? Kwamba mtoto wa miaka sita alisema? Mtoto anaweza kusema chochote."

"Mtoto akimtaja mama yake, anaaminika, mnamwandika kitabuni. Akimtaja baba yako, anaweza kusema chochote. Ndiyo mizani yenu hiyo?"

Mwenyekiti akatafuta sauti yake ya vikaoni. "Kamati imekwisha pitisha kitabu. Kijalidi kama kilivyo. Usitoe hata ukurasa mmoja."

"Sitoi," Bi Gundi akasema. "Mimi kazi yangu kushona. Wakataji mpo."

Mzee akalichukua hilo kuwa ni kukubali, akaondoka hata bila kuaga. Hapo ndipo alipokosea, maana watu wa kamati husikiliza neno "ndiyo" tu, mengine hayawafikii. Kutoa ukurasa na kuongeza ukurasa ni mambo mawili.

Mchana ule alikwenda kwa shangazi yake. Bibi kizee alikuwa amekaa dirishani, anafumua mshono wa gauni ambalo halikuwa na kosa lolote. Bi Gundi aliketi kando yake, akamsomea vile vipande. Alipomaliza, shangazi hakuinua macho.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Hapo pa kidole. Rudia."

Akarudia. Gauni lilikuwa limeteleza magotini, liko sakafuni.

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyeukata. Kwa kisu changu, shangazi, nilimpa mimi achonge penseli. Nisa—"

"Nyamaza na wewe. Ulimpa achonge penseli." Akainama akaokota gauni. "Kesho atasoma yeye?"

"Yeye."

"Basi vitie humo kitabuni."

Jumamosi sebule ya Mwenyekiti ilijaa mpaka barazani. Ilikuwa nyumba ileile shangazi alimolelewa, naye alikaa kiti cha mbele akitazamana na ukuta ambao chini yake, utotoni, aliwahi kulala. Jalada jekundu liling'aa. Mwenyekiti alifungua kikao, akasoma asili ya ukoo, akasoma safari za wazee, watu wakacheka mahali pa kuchekea. Akafika ukurasa wa arobaini. Ulikuwepo, haukuguswa hata nukta. Mkabala wake kulikuwa na karatasi nene nyeupe ambayo kamati haikuipitisha, imeshonwa kwa uzi mara mbili, na juu yake vipande vinne vya gazeti.

Macho yake yalitua hapo. Akafunua mbele, akaanza kusoma habari za mjomba aliyekuwa fundi saa.

"Umeruka ukurasa, mdogo wangu," shangazi akasema.

"Dada, muda umetubana."

"Mimi nimengoja miaka sabini na sita, wewe unabanwa na nini? Rudi."

Watu waligeuka. Bi Gundi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, na aliyetaka kupita hapo angemkuta. Mwenyekiti alirudi. Akasoma ule wa kwake, msiba mkubwa, binti aliyemtaja mama yake, mtu wa huruma. Sauti ilikuwa ya mgonjwa. Kisha, kwa kuwa bibi kizee hakumwondolea macho, akasoma na wa pili. Alipofika kwenye kidole akasimama.

"Endelea."

"Ni baba mdogo," akasoma. "Akamwonyesha kwa kidole mdogo wa marehemu."

Alipomaliza, shangazi alinyoosha mkono, akapokonya kitabu bila makofi yoyote, akakiweka mapajani.

"Kikombe kilikuwa cha bati," akasema, "kina maua mekundu, na ukingo umebanduka rangi. Hilo hawakuliandika. Jana ndiyo nimelikumbuka." Akafunua karatasi ile iliyokunjwa mara tatu, akaweka kidole kwenye kisanduku kitupu. "Na hapa, andika." Akalitaja jina la mama yake. Wengi mle ndani hawakuwa wamelisikia tangu wazaliwe. Bi Gundi alipita katikati ya watu, akapiga magoti na kalamu yake, akaandika.

Mke wa Mwenyekiti, mama mpole aliyekuwa akifuta machozi pembeni, akamshika shangazi bega. "Wifi, basi yaishe. Waliokufa wamekufa. Tusameheane, tuwe kitu kimoja."

Shangazi aliuondoa mkono ule taratibu, bila kumtazama mwenye mkono.

"Unanihimiza nisamehe," akasema. "Mama yangu mimi hata kumlilia sijaanza."

Kisha akaanza. Alilia kwa sauti ya mtoto mdogo, mdomo wazi, kitabu amekikumbatia, na Bi Gundi akageuka akawatolea macho wote, mmoja mmoja, asitokee wa kumwambia anyamaze.